Mpaka Itoke Sita: Michezo ya Simu na Hamu ya Zamani Siku za Korona

Katika Ludo, kete zako nne huanza zikiwa zimefungiwa nyumbani. Hazitoki kwa ujanja wala kwa haraka. Unatikisa dadu, unarusha, unaomba sita. Ikija tatu, umekaa. Ikija tano, umekaa vilevile, na jirani yako anakucheka huku kete zake mbili tayari ziko barabarani.

Mei 2020 nilikuwa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, kazi yangu ikiwa karatasi za forodha. Madereva wa malori walikuwa wakipimwa korona na kusubiri majibu, na malori yalikuwa yamepangana upande wa Kenya hadi macho yanachoka. Chini ya trela moja nilikuta madereva wanne kivulini, barakoa zimeshushwa kidevuni, simu moja ikizunguka mkono kwa mkono. Aliyeipokea aliipangusa kwa sanitaiza, akagusa dadu, akasonya, akampitishia mwenzake. Lugha yao ilikuwa Kiswahili cha barabarani, kile kisichojali ngeli.

Kila mmoja wao alikuwa na simu yake mfukoni. Hilo ndilo lililonishangaza, na nimelizungusha kichwani tangu siku hiyo. Simu zile zingeweza kubeba michezo ya magari, ya mpira, ya bunduki, kila mtu na kioo chake. Kwa nini basi wakusanyike kwenye simu moja, tena siku ambazo kugusana kuliogopwa, wacheze mchezo waliochezea ubaoni wakiwa wadogo?

Jibu la haraka ni kwamba walikuwa wanakumbuka zamani. Ni jibu sahihi, ila limefunga mambo mengi ndani yake, na inafaa tulifungue.

Kiswahili hakina neno moja la hali hiyo. Tunasema hamu ya zamani, tunasema kuyakumbuka ya kale, tunasema moyo umerudi nyuma. Wazungu wanalo neno moja, nalo lilizaliwa hospitalini, kwa namna ya kusema. Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari huko Basel, Johannes Hofer, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja la kurudi nyumbani na jingine la maumivu, akapata nostalgia. Alikuwa anataja ugonjwa. Wagonjwa wake walikuwa Waswisi waliokuwa mbali na milima yao, na askari wa kukodiwa walikuja kuwa mfano maarufu wa maradhi hayo: hawali, hawalali, wanalia kwa ajili ya nyumbani. Kwa karne mbili hivi madaktari waliendelea kuihesabu hali hiyo kuwa maradhi.

Sisi tunalo neno lililo karibu, ingawa tumelifungia kwenye redio: zilipendwa. Mtangazaji akisema sasa ni zamu ya zilipendwa, mtu mzima anaacha kijiko. Litazame neno lenyewe. Halisemi nani alizipenda. Limeficha mtu, likaacha wimbo peke yake. Na huo ndio ujanja wa hamu ya zamani: unadhani unautamani wimbo, kumbe unamtamani uliyekuwa naye ulipousikia.

Watafiti wamefika hapohapo kwa njia yao. Constantine Sedikides na Tim Wildschut wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, wamekuwa wakiichunguza hali hii kwa miaka mingi. Katika kazi waliyoitoa na wenzao mwaka 2006, waliwaomba watu waandike kumbukumbu zao za namna hii, kisha wakaangalia kuna nini ndani. Kulikuwa na watu. Mwenye kumbukumbu alikuwemo, lakini mara nyingi alikuwa kati ya wengine: ndugu, marafiki, wapenzi. Waliangalia pia kinachoichokoza hamu hiyo, na kilichojitokeza zaidi kilikuwa hali mbaya ya moyo, hasa upweke. Miaka miwili baadaye utafiti mwingine uliofanywa na watu wa China ukaonyesha hatua ya pili: upweke humfanya mtu ajione hana wa kumtegemea, lakini upweke huohuo huamsha kumbukumbu, na kumbukumbu hizo humrudishia hisia kwamba ana watu. Yaani mwili una homa na una dawa ya homa, vyote vimetoka jikoni kwake.

Kwa hiyo Hofer aliona kitu cha kweli akakisoma kinyume. Askari wale hawakuumwa kwa sababu walikumbuka. Waliumwa kwa kuwa peke yao, na kukumbuka ilikuwa juhudi ya kujitibu.

Sasa turudi kwenye simu. Umri una sehemu yake hapa. Wataalamu wa kumbukumbu wanajua kwamba mtu mzima akiulizwa maisha yake, miaka inayorudi kwa wingi ni ile ya kati ya 10 na 30 hivi. Dereva wa miaka 40 mwaka 2020 alikuwa kijana simu za mkononi zilipoingia kwa watu wa kawaida Uganda. Celtel ilianza 1995, MTN ikaja 1998, na kwa miaka kadhaa simu ilikuwa kitu cha mjomba mmoja katika ukoo mzima. Watoto hawakuipigia mtu simu ile. Waliiomba kwa ajili ya nyoka.

Nyoka huyo alitengenezwa na Mfini anayeitwa Taneli Armanto, akawekwa kwenye Nokia 6110 mwaka 1997. Kanuni zake zinaelezeka kabla maji hayajachemka: anakula, anarefuka, akijigonga amekufa. Watu wengi hawajui kwamba mchezo ule wa kwanza uliweza kuchezwa na wawili, simu mbili zikielekezana kwa miale isiyoonekana. Huku kwetu nani angepata Nokia mbili mezani? Tulicheza wawili kwa njia yetu: mmoja anacheza, mwingine anapumua juu ya bega lake akisubiri afe. Nikisema nilimpenda nyoka, nimesema nusu. Ile pumzi shingoni imo kwenye kumbukumbu.

Mwaka 2000 ikaja Nokia 3310, na humo ndani, pembeni ya nyoka wa pili, kulikuwa na mchezo ulioitwa Bantumi. Wengi waliupita wakidhani ni wa Kizungu. Ukiufungua unakuta mashimo na kokwa, unachota, unamwaga moja moja, unahesabu. Ni bao! Ni ndugu mdogo wa bao, safu mbili tu, sita kila upande na ghala pembeni, wakati omweso wa Buganda una mashimo 32 na kete 64, sawa na bao la Waswahili wa pwani. Kampuni ya Ufini ilikuwa imeturudishia mchezo wa ukoo wetu ndani ya kioo kidogo cha kijani. Nilipoligundua hilo kwa mara ya kwanza nilimwonyesha mzee mmoja mchezaji wa omweso. Akatazama, akabonyeza mara mbili tatu, akaniambia: hakuna sauti. Alimaanisha mlio wa kete zikianguka kwenye mbao. Nilidhani analalamika tu kama wazee.

Kisha ikaja Nokia 1100 mwaka 2003, yenye tochi kichwani, mojawapo ya simu zilizouzwa kwa wingi kuliko zote duniani, zaidi ya milioni 250. Tochi hiyo ndiyo asili ya majina tunayotumia mpaka leo, kitochi kwa wengine, katorchi kwa watu wa Kampala. Na humo nyoka alikuwemo.

Ludo nayo ilisafiri zaidi ya hivyo. Babu yake ni pachisi wa India. Waingereza waliurahisisha, wakausajili kwa jina la Ludo mwaka 1896, na ukasambaa na himaya yao. Nchini Uganda mchezo ulijikita mahali ambapo mtu anasubiri: stendi ya bodaboda, mlango wa duka, chini ya mwembe. Abiria hajaja, dadu inarushwa. Mwaka 2016 kampuni ya Mumbai iitwayo Gametion ikautoa kwenye simu kama Ludo King, na korona ilipoanza ukalipuka India na kwingineko. Mchezo ulitoka India kwa meli, ukarudi duniani kutoka India kwa simu. Hata Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2019 lilikuwa limeupitisha uraibu wa michezo ya video katika orodha yake ya magonjwa, mwisho wa Machi 2020 liliunga mkono kampeni ya kampuni za michezo ya kuwahimiza watu wakae nyumbani wacheze. Sitawacheka. Kila mtu alikuwa anatafuta sita.

Uganda tulifungwa kwa hatua. Machi 18 ilitangazwa kwamba shule zinafungwa na mikusanyiko imekatazwa, misikiti na makanisa vikiwemo. Machi 21 akathibitishwa mgonjwa wa kwanza. Machi 25 usafiri wa umma ukasimama. Machi 30 Rais Museveni akatangaza kafyu ya saa 1 jioni hadi saa 12:30 asubuhi, na magari binafsi yakazuiwa pia. Waganda waliuita omuggalo, kufungwa. Usafiri wa umma uliporejea Juni, wilaya za mpakani kama yetu ziliachwa nje kwanza, na bodaboda hazikuruhusiwa kubeba abiria tena mpaka Julai 27.

Orodha hiyo ya tarehe inaonyesha kilichofungwa. Haionyeshi kilichopotea, na kilichopotea kwa watu wengi kilikuwa vipimo vya siku. Swala ya Ijumaa ni kipimo. Mechi ya Jumamosi kwenye kibanda cha video ni kipimo, na ligi ya Uingereza ilisimama Machi 13 isirudi hadi Juni 17. Kengele ya shule ni kipimo hata kwa asiye na mtoto. Vikiondoka vyote, Jumanne inafanana na Jumapili, na mtu anakaa katika kitu kimoja kirefu kisicho na mikato. Mchezo mdogo unaukata urefu huo. Una mwanzo, una zamu, una mshindi, na kwa nusu saa unajua uko wapi. Mchezo mkubwa wa kisasa haufanyi hivyo vizuri, kwa sababu umetengenezwa usiishe: daima kuna ngazi nyingine na zawadi ya kesho. Kwa mtu aliyefungiwa, kitu kisichoisha hakikuwa kitulizo.

Kuna pia suala la nafasi. Kampala watu wengi hupanga muzigo, chumba kimoja cha kulala, kupikia na kupokelea wageni. Kwa Kiswahili jina hilo linasikika kama mzigo, na miezi ile lilistahili. Ndani ya chumba hicho kuna watu watano, simu janja moja, na rika tatu. Utacheza nini? Mchezo ambao bibi na mjukuu wanaujua wote, usiohitaji vidole vyepesi, na ambao bahati inaweza kumpa mtoto wa miaka saba ushindi dhidi ya baba yake. Watu husema tulirudi kwenye ya zamani kwa mapenzi. Nadhani sehemu kubwa ilikuwa hesabu: ya zamani ndiyo peke yake tuliyokuwa nayo kwa pamoja.

Matatu inaingia hapa pia, na simaanishi gari. Ni mchezo wa karata wa Uganda: kila mtu karata saba, mbili inamchotesha mwenzako, saba ya aina iliyokatwa mwanzoni inamaliza mchezo papo hapo na pointi zinahesabiwa. Vijana wa Kola Studios wa Kampala waliuweka kwenye simu miaka kadhaa kabla ya korona, kwa hiyo lokidauni ilipokuja ulikuwa unatusubiri. Kwa Mganda aliye mbali na nyumbani, kuuona mchezo huo na kanuni zake za kwetu kwenye kioo ni kitu kingine kabisa.

Mtu wa mjini atasema: yote hayo yanahitaji bando. Kweli, na hapa hamu ya zamani inagusana na pochi. Tangu Julai 2018 Mganda alikuwa analipa shilingi 200 kwa siku ili atumie mitandao ya kijamii, na wengi walijificha nyuma ya VPN, programu za kuficha unachotembelea mtandaoni. Kodi hiyo ilifutwa Julai 2021, ikaja asilimia 12 juu ya data yenyewe, ambayo haina pa kujificha. Mchezo mzito wa kushusha na kusasisha kila wiki ulikuwa anasa. Mchezo mwepesi ukishaingia kwenye simu umeingia. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kama tano, na kila mtu alijifunza upesi kipi ndani ya simu yake ni chake na kipi ni cha kuazima. Ludo ya kucheza na watu wa mbali ilikufa. Ludo ya kupokezana simu chumbani iliendelea. Nyoka wa katorchi hakujua hata kwamba kuna intaneti.

Tofauti hiyo kati ya Ludo mbili, ya mbali na ya kupokezana, ndiyo ilinifungulia fumbo la madereva, nami niliielewa kupitia kwa shangazi yangu.

Sisi ni ukoo uliotawanyika: shangazi yuko Mombasa, binamu mmoja Arua, mwingine Dubai, mimi mpakani. Lokidauni ilipokolea, binamu wa Dubai alifungua chumba cha Ludo, akatutumia namba ya kuingilia kwenye WhatsApp. Tulifurahi mno. Shangazi alikuwa bingwa wetu wa ubaoni tulipokuwa watoto, mtu wa kushika dadu akasimulia kisa kizima kabla ya kurusha, na wewe unasubiri kwa sababu kisa ni kitamu na dadu iko kwake. Kwenye simu hilo halikuwezekana. Programu humhesabia mchezaji muda, na akichelewa inamruka. Shangazi alianza kutuandikia habari za jirani yake. Kabla hajamaliza, zamu imepita. Akarukwa tena. Jioni ya tatu aliandika: "Huyu mwenye mchezo ana haraka ya kwenda wapi, na sote tumefungiwa?" Hakurudi. Tulianza kumpigia simu ya kawaida Jumapili, bila mchezo, na maongezi yakawa mafupi na ya heshima. Umekula? Nimekula. Shikamoo yetu na marahaba yake, basi. Tulikosa kitu cha kufanyia mikono wakati tunaongea.

Hapo nikamwelewa mzee wa omweso aliyesema hakuna sauti. Alikuwa anataja kitu ambacho watengeneza michezo wamekitoa wakidhani ni takataka: kusubiri. Kwenye ubao, muda mwingi wa mchezo hauchezi. Unamtazama mwenzako akifikiri, unamchokoza, unasikia habari, unakunywa chai. Zamu yako ni kisingizio cha kukaa pale. Programu ya mtandaoni ilihifadhi kanuni zote, ikachora kete kwa rangi zile zile, ikaondoa kisingizio, na katikati ya zamu ikaweka tangazo. Ile ya kupokezana simu moja haina haraka hiyo. Simu ikiwa mkononi mwako ni yako mpaka uachilie.

Kwa hiyo wale wanne chini ya trela walikuwa wamechagua vizuri, hata kama hakuna aliyewaza hivyo. Simu nne zingewapa michezo minne. Simu moja iliwapa baraza.

Hamu hii ina upande wake wa uongo, nao nisiufiche. Hukumbuka kwa kuchagua. Ninayemkumbuka shangazi akisimulia visa ni mimi huyuhuyu niliyelia nyumbani kwake kwa sababu kaka zangu walikula kete zangu makusudi kila mara. Wenye biashara wanaujua uchaguzi huo. Mwaka 2017 kampuni ya HMD iliitoa upya Nokia 3310, nyoka akiwemo, ikawauzia watu wazima ujana wao.

Na sasa lokidauni yenyewe imeanza kuchujwa. Shule zetu hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 10, 2022, karibu miaka miwili, wanafunzi takriban milioni 15 wakiwa wameguswa, na hakuna nchi iliyofunga kwa muda mrefu kuliko sisi. Wasichana wengi hawakurudi darasani. Hayo ni majeraha. Hata hivyo mpwa wangu, aliyekuwa na miaka tisa wakati ule na sasa ana sauti ya kiume, juzi aliniuliza kama nakumbuka "zile siku nzuri za Ludo". Kwake haukuwa mchezo wa zamani. Ndiyo zamani yake inayoanza. Baba yake alikuwa nyumbani kila jioni kwa sababu kafyu ilimlazimisha, na hajawahi kuwa nyumbani namna hiyo tangu wakati huo. Nilitaka kumwambia habari za njaa ya mtaani kwetu miezi ile. Nikanyamaza, nikamwambia nakumbuka.

Pale Malaba mchezo haukuisha. Mwenye simu aliitwa jina, majibu yake yametoka, hana korona, apite. Alikuwa na kete moja bado imefungiwa nyumbani. Aliinuka akakung'uta vumbi, akawaaga, simu ikaondoka naye ndani ya lori. Nilidhani wale watatu sasa wangetoa simu zao kila mmoja na yake. Mmoja akachana boksi, akachora ubao kwa kalamu aliyoniomba mimi. Wakaokota vizibo vya soda. Dadu hawakuwa nayo, kwa hiyo mwingine akafungua Ludo kwenye simu yake, wakawa wanagusa dadu ya kwenye kioo na kusogeza vizibo kwenye boksi. Kalamu yangu sikuidai.